Winchi ya mnara ya kukodi, Kariakoo: mashine safi, mkataba una matundu

Tulikodi winchi ya mnara kwa jengo la ghorofa 12 Kariakoo, mtaa ambao lori la nondo likiingia, bajaji zote zinasimama. Jina la kampuni silitaji, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia.

Mashine ni ya Kichina, aina ya 5610. Namba hiyo si pambo: mkono wa mita 56, na kwenye ncha unabeba tani 1.0 basi. Wakodishaji watakuimbia tani 6. Ni kweli, ila ni karibu na mnara, tena waya ukiwa umepitishwa mara nne kwenye ndoano. Zege la mita moja ya ujazo lina kama tani 2.4, ndoo hujahesabu. Ukilipeleka kona ya mbali, swichi ya uzito inakata. Yetu ilikata vizuri tu, fundi wa zege akanuna siku nzima.

Vyuma vilikuja vizuri. Vipande vya mnara havikuwa na kutu kwenye maungio, ringi ambayo mkono unazungukia juu yake ilikuwa na grisi mpya, toroli (kigari kinachobeba ndoano kwenye mkono) inateleza bila kukwama. Mawe ya zege ya mkono wa nyuma, yale ya kusawazisha winchi, yameandikwa uzito kwa rangi, kila moja lake. Hapo nawapa alama zote.

Waliponifurahisha zaidi ni siku ya kuongeza urefu. Fremu ya kupandishia inazunguka mnara, jeki ya hidroli inanyanyua kichwa chote cha winchi, halafu kipande kipya kinaingizwa kwenye nafasi iliyoachwa. Kabla ya kunyanyua, walining'iniza kipande kwenye ndoano, wakasogeza toroli kidogo kidogo huku mmoja akichungulia magurudumu ya fremu, mpaka mwanya ukawa sawa pande zote, yaani kichwa kimekaa sawia. Kichwa kikiwa juu ya jeki, ni marufuku kugeuza mkono. Kiongozi wao alishika redio kol mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuropoka.

Sasa malalamiko. Kipima upepo kilikuja kibovu. Upepo ukifika kilomita 72 kwa saa kazi inasimama, lakini opereta alikuwa anakadiria kwa kutazama bendera ya jengo la jirani! Niligoma kusaini karatasi ya kazi, ndipo wakaleta kingine. La pili ni pesa. Winchi hii ikisimama peke yake inaishia mita 40 hivi; ukitaka zaidi lazima ifungwe kwenye jengo kwa vyuma. Vyuma hivyo havikuwemo kwenye bei. Tulidaiwa tukiwa tumeshafika ghorofa ya tisa, na hapo utabishana na nani?

Opereta ni mtu wa maana, mpole, hapandi bila kukagua waya. Jioni anaachia breki ya kuzungukia ili mkono ufuate upepo badala ya kushindana nao. Mama ntilie wa ng'ambo alinijia asubuhi moja na hofu: "Baba, lile dude lenu usiku linajigeuza lenyewe." Nikamwambia siku lisipogeuka ndiyo aniamshe.

Nitawakodi tena, ila vyuma vya kufungia ukutani viwemo kwenye bei ya kwanza, na kipima upepo nikione kinazunguka kabla lori halijashusha mzigo.