Nimepika bita nyumbani mara tatu kwa seti ya paundi 120: uzoefu wangu

Nianze na bia yenyewe, maana ndiyo iliyonisukuma kununua seti. Naishi Derby, Uingereza, na Burton upon Trent, mji unaojulikana kwa bia, si mbali kwa treni. Huko ndiko nilikokunywa bita kwa mara ya kwanza, ile bia chungu ya Waingereza inayovutwa kwa mkono kutoka kwenye pipa lililo chini ya sakafu ya baa. Rangi ya shaba, gesi kidogo sana, ubaridi wa maji ya mtungini. Nilipomeza nikakumbuka mbege ya bibi kule Kilimanjaro: utamu unapita, halafu uchungu unabaki nyuma ya ulimi. Kwetu uchungu huo unatoka kwenye magome ya msesewe. Hapa unatoka kwenye maua ya hopsi.

Seti ina sufuria ya lita 33, ndoo mbili, mfuko wa kitambaa wa kuchujia, haidromita ya kupimia sukari iliyomo kwenye bia (namba ikiwa kubwa, sukari ni nyingi), kipimajoto, kifaa cha kubana vizibo, na malighafi ya lita 20 za kwanza. Kisheria hakuna shida. Tangu 1963 Uingereza haidai leseni kwa anayepika bia ya kunywa nyumbani, mradi asiuze.

Malighafi ni safi kabisa, na hapo sina neno baya. Kilo 3.6 za kimea cha shayiri ya Maris Otter, gramu 250 za kimea cha kristali kwa ajili ya rangi, hopsi za Fuggle na East Kent Goldings, na pakiti ya hamira ya Safale S-04. Kimea kikiloa kwenye maji ya moto, nyumba nzima inanukia uji wa ulezi uliochanganywa na asali. Mke wangu, ambaye hanywi pombe, alikuja jikoni kuchota kikombe cha yale maji matamu kabla sijatia hopsi. Alisema ni togwa ya Wazungu, na ladha haiko mbali.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa kipimajoto. Kimea kinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 66 kwa saa nzima ili wanga ugeuke sukari. Joto likizidi, sehemu kubwa ya sukari hiyo huwa ya aina ambayo hamira haiwezi kuila, na bia inabaki nzito. Mimi niliamini namba niliyoiona. Baada ya wiki mbili za kuchachuka haidromita ilikuwa imegota 1.018, wakati nilitegemea 1.011 hivi. Nikakitumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayochemka, kikasoma 96. Yaani nilikuwa nikipika kwenye nyuzi 70 bila kujua. Nimewaandikia wauzaji, wakaleta kingine baada ya siku nne bila maswali, na hicho ni kizima. Ila pima chako kabla ya kupika.

Shida ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu iko kwenye kijitabu cha maelekezo na itamkuta kila mnunuzi. Wakati wa kujaza chupa unatia sukari kidogo ili hamira iliyobaki itengeneze gesi. Kijitabu kinasema kijiko kimoja cha chai, gramu 5, kwa kila chupa ya nusu lita. Kwa bia za kupoza kwa barafu labda. Kwa bita ni nyingi mno. Nilifungua chupa ya kwanza mbele ya jirani yangu, mzee aliyekunywa bita maisha yake yote, na nusu ya bia ikamwagika mezani kwa povu. Iliyobaki aliionja, akaweka glasi chini taratibu. “Ladha ipo,” alisema, “lakini gesi imeifunika.” Alisema kweli. Gesi ikijaa, harufu ile ya udongo na majani makavu ya Fuggle huisikii, unasikia mchomo tu. Isitoshe, chupa iliyojaa gesi kupita kiasi inaweza kupasuka. Mara ya pili niliweka gramu 2 kwa chupa, nikaziacha wiki tatu, na mzee akamaliza mbili.

Mkupuo wa pili ulianza 1.040 ukaishia 1.011, yaani kilevi asilimia 3.8. Ni bia ya kukaa nayo jioni nzima mkizungumza. Hamira ya S-04 inatulia chini ya chupa ikashikamana, kwa hiyo ukimimina taratibu mashapo hayakufuati. Usiigandishe. Kule nyumbani mhudumu wa baa anauliza, “Ya moto au ya baridi?” Bita inataka katikati, kama nyuzi 12.

Mkupuo wa tatu niliongeza kijiko cha chai cha jasi kwenye maji, kwa kuwa visima vya Burton vina jasi nyingi na watengenezaji wa miji mingine waliiga kwa kuiongeza. Uchungu ukatoka mkavu na safi zaidi. Huu ndio ninaoupenda.

Machicha ya kimea nampa mama mmoja wa mtaani anayefuga kuku.

Mdogo wangu aliyeko Dar ameniomba nimletee seti kama hii Desemba. Nimemwambia kwanza atafute friji kuukuu na kidhibiti joto, kwa sababu hamira hii mimi naipa nyuzi 18 hadi 20, na kwenye chumba cha nyuzi 30 bia itatoka na ukali wa kuumiza kichwa. Akipata friji, nitamletea, na kijitabu nitakuwa nimekisahihisha kwa kalamu. Nyota nne kati ya tano.