Abiria 4 kwenye Land Rover ya viti 12: uzoefu wangu na bima

Jina la kampuni ya bima silitaji, lakini hasira ninayo bado, kwa hiyo hukumu naitoa mapema: kwa yule kijana wa kaunta ya Mombasa nawapa sifuri. Yaliyofuata baadaye huenda yakaipandisha hiyo sifuri kidogo. Sijui. Kila nikifikiri nimeshaamua, nabadilika.

Gari lenyewe ni Land Rover 110 ya miaka ya tisini, mojawapo ya zile zilizounganishwa pale Thika. Marehemu baba aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali, akaipandisha kwetu Wundanyi, milima ya Taita, na tangu siku hiyo haijawahi kuteremka mlima ikiwa tupu. Mbele tunakaa watatu pamoja na dereva, katikati watatu, nyuma sita kwenye mabenchi yanayotazamana. Logbuku, ile hati ya usajili wa gari, inasema abiria 11. Mikanda ya nyuma niliifunga mwenyewe kwa fundi wa Mwatate, kila kiti na wake. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, mlango wetu ndio unaogongwa. Msiba ukitokea, ni sisi. Hakuna anayelipa hata shilingi. Watu huleta ndizi, au wanaleta vijana wa kunisaidia kubadilisha gurudumu, basi.

Bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, sikwenda kuomba. Najua makampuni mengi hayataki kuikatia gari iliyopita miaka 15, na sina ugomvi na hilo. Vipuri wanavijua na bei wanazijua. Nilichotaka ni bima ya mtu wa tatu, na juu yake ile nyongeza ya abiria. Hapa naomba wenye magari kama letu wanisikilize vizuri, kwa sababu wengi wetu tunaendesha tukiamini tumekingwa kumbe sivyo. Sura ya 405, sheria ya Kenya ya bima ya magari, inakulazimisha kumkinga mtu wa nje: aliye barabarani, aliye kwenye gari jingine. Abiria uliyempakia bure kwenye gari lako la binafsi haingii kwenye lazima hiyo. Akiumia, anabaki na wewe, isipokuwa umemlipia nyongeza yake, na nyongeza hiyo kwa kawaida ni shilingi 500 kwa kila abiria. Kumi na mmoja ni 5,500. Nilikuwa nazo mfukoni. Ndizo zilizonipeleka Mombasa.

Nilikwenda na mama, maana gari bado liko kwa jina la mirathi na yeye ndiye anayesaini. Miguu inamsumbua. Tulipofika kaunta, kijana alikuwa ameinamia simu. Mama akasubiri shikamoo, kama mtu yeyote wa umri wake anavyosubiri, haikuja. Akaona aanze yeye: "Hujambo mwanangu." Kijana akanyoosha mkono apewe logbuku. Kiti kilikuwa kimoja upande wetu na kimewekwa faili juu yake. Hakuziondoa. Mama alisimama mpaka mwisho.

Akasoma logbuku, akacheka. "Viti 12? Bosi, hii ni matatu."

Nikamwambia si matatu. Haina mstari wa manjano, haina kondakta, haina leseni ya kubeba abiria kwa sababu haibebi abiria wa kulipa. Kinachoifanya gari kuwa matatu ni nauli, si viti.

"Hakuna mtu anakaa na gari ya viti 12 bila kupiga biashara nayo. Semeni ukweli tu, hapa tunawaona kila siku."

Aliyasema hayo mbele ya mama yangu. Mwanamke ambaye amewapeleka nusu ya watoto wa kijiji chetu kuzaliwa hospitalini Wesu, akikaa pale mbele na taulo mapajani, anaambiwa na mtoto wa juzi aseme ukweli. Mama hakujibu. Alishika ukingo wa kaunta tu. Mimi nilijibu, na nilipaza sauti, na sijutii.

Basi akaanza kujaza. Alipofika pale pa abiria, nikamtajia 11. Akabonyeza, akabonyeza tena, akasema mfumo unakataa. Gari la binafsi la aina hii, mfumo unapokea 4. Nikamwambia aite mkubwa wake. Mkubwa hayupo. Nikamwambia basi aandike kwa mkono, apige muhuri. Haiwezekani, siku hizi cheti kinatoka kwa mtandao. "Tuweke 4, haina shida. Muhimu cheti kitoke, polisi wasikusumbue."

Haina shida. Maneno hayo mawili nimeyabeba mpaka leo.

Mama alikuwa amechoka kusimama, matatu ya mwisho ya kurudi Voi tungeikosa, na ukweli ni kwamba aliyesaini fomu ni sisi. Nilimwona akiandika 4. Nililipa kwa M-Pesa: bima ya mtu wa tatu, abiria 4 kwa 2,000, tozo, na ile stempu ya shilingi 40. Hiyo 40 waliihesabu bila kukosea. Cheti kikaingia kwenye simu kabla hatujafika mlangoni, na kwa kasi hiyo siwezi kuwalaumu. Wakati wa stika za karatasi baba alikuwa akisubiri siku mbili.

Miezi ikapita. Vuli ikaingia, barabara ya kuteremka Mwatate ikawa vile inavyokuwa. Asubuhi moja tulikuwa tunapeleka posa ya mdogo wangu Voi: mimi nikiendesha, abiria wanane, vitenge vipya, zawadi zimefungwa juu. Kwenye kona moja bodaboda akatokea upande wangu akiwa amebeba gunia. Nikavuta usukani. Nilimkwepa kwa mbele lakini pembe ya nyuma ikamgusa, pikipiki ikalala, na sisi tukaingia mtaroni kwa upande. Yeye alichubuka tu. Kwetu waliumia wawili. Mpwa wangu alipasuka paji la uso. Shangazi, dada yake baba, ambaye alikuwa amefungua mkanda sekunde ileile ili azuie kapu lisianguke, alivunjika kiganja cha mkono wa kulia.

Polisi walipima, wakatoa abstrakti, yaani taarifa yao ya ajali, nikapeleka madai. Hapa lazima niseme jambo jema, na nalisema kwa moyo. Mkadiriaji waliyemtuma alikuwa mtu mzima, mstaarabu. Alimwamkia mama kwanza. Alilala chini ya gari kwenye matope na shati lake jeupe, akakagua breki, akakagua ekseli, akainuka akasema, "Hii imetunzwa. Magari mengi mapya ninayoyaona hayako hivi." Ripoti yake ilisema gari halikuwa na kasoro. Bodaboda alitengenezewa pikipiki yake bila kuzungushwa, fidia ikaingia, akanipigia simu kunishukuru. Wakati ule ningeulizwa, ningesema kampuni hii ni nzuri ila ina kijana mmoja mbaya wa kaunta. Nyota tatu, hata nne.

Kisha barua ya abiria ikaja.

Kwa ufupi ilisema: hati ya bima inakinga abiria 4, gari lilikuwa na 8, kwa hiyo lilijazwa kupita kiasi na masharti yamevunjwa, madai ya waliokuwamo hayatashughulikiwa. Kupita kiasi! Gari la abiria 11, logbuku wanayo nakala yake, limebeba wanane, kila mmoja na kiti chake na mkanda wake. Nilisafiri Mombasa siku ya pili. Kijana yuleyule. Nikamkumbusha mfumo uliokataa. Akaniambia hakumbuki, na kwamba kilichoandikwa kwenye fomu ndicho tulichosaini. "Ungesoma, bosi."

Nilisoma. Nilimwambia. Yeye ndiye aliyeandika.

Wakamtuma mpelelezi mpaka nyumbani. Huyu hakuja kukagua gari wala breki, alikuja kuulizia nauli. Aliwahoji wote wanane mmoja mmoja: ulilipa shilingi ngapi? Alipofika kwa shangazi, mkono ukiwa kwenye plasta, akamuuliza mara tatu kwa namna tatu. Shangazi amemlea baba yangu mgongoni. Aulizwe nauli ya kupanda gari la marehemu kaka yake kwenda kumposea mtoto wa kaka yake! Alimjibu kwa adabu kila mara. Mimi nilitoka nje.

Halafu kikaja kile ambacho siwezi kuwasamehe. Mmoja wa watu wa kampuni alipiga simu akasema huenda wakalifikiria suala letu, lakini niwaandikie abiria wanne waliokingwa walikuwa ni wepi. Yaani nikae nichague. Nani alikuwa na bima kati ya mama na shangazi? Kati ya mpwa wangu na bibi yake? Nilikataa kuandika. Lakini simu ile niliipokea sebuleni, na shangazi alikuwa amekaa pale.

Kwa wiki nyingi baada ya hapo hakutaka kulizungumzia. Siku moja, bila kuulizwa, akiwa anachambua mchicha kwa mkono wa kushoto, akasema: "Mwanangu, usigombane na watu. Mimi ndiye niliyezidi. Kiti cha mbele kilikuwa kimejaa, ningebaki tu nyumbani."

Nyota zote zilifutika siku hiyo. Zote. Hata za mkadiriaji.

Sasa, haki ni haki, na lazima niimalizie. Niliwaambia nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, nikaanza kuandika kweli, na kabla sijatuma akanipigia meneja wa kike kutoka ofisi kuu. Alikuwa amesoma faili lote. Akasema waliokingwa ni 4, walioumia ni 2, wawili hawazidi wanne, na hajui kwa nini jambo hilo lilihitaji miezi. Bili za hospitali za shangazi na mpwa zililipwa zote. Alimpigia shangazi mwenyewe, akamwomba radhi kwa Kiswahili kizuri, akamwita mama. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kampuni hii inalipa, jibu la kweli ni ndiyo, inalipa. Akiniuliza kama aende, mdomo unakuwa mzito. Kama una gari la viti vitano, nenda. Kama una gari kama letu, usiondoke kaunta mpaka uone kwa macho yako idadi ya abiria kwenye logbuku na kwenye hati ya bima zimefanana, na wakisema mfumo unakataa, ondoka na pesa zako.

Mimi mwenyewe bado niko kwao, kwa sababu ya yule meneja. Bima inaisha wiki hii. Jana ujumbe wa kukumbusha ukaingia: namba ya gari, kiasi cha kulipa, abiria 4. Nimewarudishia picha ya logbuku na picha ya gari milango ya nyuma ikiwa wazi, mabenchi yote yanaonekana. Bado hawajajibu. Ejenti mmoja wa Voi ameshakuja nyumbani, akaingia ndani ya gari, akagusa kiti kimoja kimoja akihesabu, akaandika 11 kwenye karatasi yake. Nimemwambia anisubiri hadi Ijumaa.

Shangazi mkono umepona, ingawa kusonga sima bado unamuuma. Jumapili tunakwenda naye kanisani kama zamani. Ila sasa nikishamfungulia mlango hapandi moja kwa moja. Anasimama kwanza, anashika fremu ya mlango kwa ule mkono wa kushoto, anawatazama walioketi, kisha ananiuliza, "Mimi nimo?"