Lister ya kusagia: nilivyohudumiwa pampu na nozeli Kisumu

Kama una mashine ya kusaga inayozungushwa na Lister, injini ya dizeli ya zamani ya silinda moja, ile yenye magurudumu mawili makubwa, na inatoa moshi mweupe hata ikishapata moto, usikimbilie kununua nozeli mpya, yaani kile kinachorusha dizeli ndani ya silinda. Yangu ni Lister CS 6/1, nguvu farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika, iko Luanda, Vihiga. Ilikuwa ngumu kuwaka asubuhi, ukiipa mahindi yenye unyevu kidogo inalegea, na ekzosi inachemka kupita kiasi. Fundi wa kwanza aliisikiliza kwa sikio tu, akakaza hapa akalegeza pale, akalipwa akaenda. Hali haikubadilika.

Nikapeleka pampu na nozeli kwa karakana moja ya dizeli Kisumu. Hao wanashughulika na pampu na nozeli peke yake, na hilo ndilo lililonivuta. Kijana wa pale aliniambia, "Mama, tuipime kwanza, kununua baadaye." Akaifunga nozeli kwenye kifaa cha mkono chenye geji, akasukuma mpini. Nozeli nzima inapaswa kurusha dizeli kama ukungu, ikitoa mlio wa kukwaruza, kisha ikate pale pale. Yangu ilirusha mchirizi na kubaki ikidondosha tone puani. Waliisafisha, wakasaga kikalio chake, wakarekebisha presha ya springi, wakapima tena mbele yangu. Ikakubali. Wanakukataza kabisa kuweka kidole mbele ya ule ukungu, na wako sahihi: dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na ni kidonda cha kukimbizwa hospitali.

Lakini nozeli ilikuwa nusu ya kazi. Kilichonifanya niandike haya ni taimingi, yaani wakati pampu inapoanza kusukuma dizeli, kwa sababu walikubali kuja mpaka kwenye mashine na wakaiweka kwa kipimo.

Fundi alizungusha utepe kwenye ukingo wa gurudumu, akapata mzingo wa sentimita 189. Injini hii huanza kusukuma dizeli digrii 20 kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa hiyo 189 ukigawa kwa 360 na kuzidisha kwa 20, unapata sentimita 10.5. Akapiga alama ya chaki umbali huo kabla ya alama ya pistoni kuwa juu kabisa. Kisha akatoa vali ya juu ya pampu na springi yake, akafunga kipaipu kilichopinda, akafungua dizeli ya tangi. Dizeli ikawa inatiririka yenyewe. Akahakikisha ni zamu ya kubana hewa, vali zote mbili zimefunga, akaanza kusogeza gurudumu polepole upande linakozungukia. Pale mtiririko unapokatika ndipo plunja, pistoni ndogo ya pampu, imefunga tundu la dizeli, na ndipo sindano inaanza.

Kwangu ulikatika sentimita 4.2 tu kabla ya juu. Digrii 8! Kamu na tapeti, vile vyuma vinavyoisukuma plunja, zikilika, mafuta huchelewa, na hakuna nozeli mpya itakayorekebisha hilo. Alilegeza nati ya tapeti ya pampu, akarefusha skrubu kidogo kidogo, akipima kila mara, na baada ya kukaza nati akapima tena kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza. Ukirefusha kupita kiasi plunja itagonga juu na pampu itaharibika, kwa hiyo hapa haraka haifai. Kama injini yako ni ya aina nyingine, au inakwenda kasi zaidi, digrii zake ni zake; tafuta kitabu chake.

Baada ya kurudisha vali, akatoa hewa kwa kulegeza nati ya paipu upande wa nozeli mpaka dizeli itoke bila mapovu. Ukizungusha kwa mkono unasikia nozeli ikikwaruza. Handeli ikapigwa, ikawaka, na moshi ukapungua mpaka ukawa hauonekani.

Sasa inasaga mahindi, mtama na muhogo mkavu bila kupumzishwa. Mteja wa gorogoro moja hasimami jua kali akinisubiri, na kwa mama aliyetoka mbali na mtoto mgongoni hilo si jambo dogo.

Malalamiko ninayo mawili. Walichelewa kuja siku waliyoahidi bila kupiga simu, na washa ya shaba ya chini ya nozeli nililazimika kuitafuta mwenyewe, ilhali hiyo hubadilishwa kila nozeli inapotolewa. Wanapaswa kuja nayo. Gharama ya kupima na kusafisha ilikuwa ndogo kuliko bei ya nozeli mpya niliyotajiwa dukani. Nauli ya fundi unalipa wewe. Ukienda kwao, omba uone geji kwa macho yako kabla na baada, na mwambie fundi akuachie alama ya chaki ikiwa imekatwa kwa patasi, maana chaki itafutika wiki hiyo hiyo.