Uzoefu wangu: makazi ya kobe ndani ya nyumba, kifaa kipi kilifaa na kipi hakikufaa

Ukiishi nchi ya baridi na ukataka kufuga kobe ndani ya nyumba, pesa zako zipeleke kwenye taa na udongo. Sanduku ni la mwisho. Hata kabati kuukuu la vitabu, likilazwa chali na kutolewa rafu zake, linafaa kabisa mradi liwe pana. Nasema hivi baada ya kutumia vifaa vya madukani vya kila namna, vya bei ya juu na vya bei ya chini, na nitavieleza kwa kadiri vilivyonifaa au vilivyoniudhi.

Kobe mwenyewe ni jike wa jamii ya Hermann, wale kobe wadogo wa kusini mwa Ulaya wanaopatikana kuanzia Uhispania mpaka Ugiriki na nchi za Balkan. Jina lake Kidawa, na makazi yetu ni Leicester, Uingereza. Nilimchukua kwa jirani aliyekuwa anahama, akaja na karatasi zake na "seti kamili" aliyouziwa dukani: tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, mfuko wa maranda ya mbao, globu ya kujikunja ya UVB (miale isiyoonekana, kama ile ya jua), taa nyekundu ya usiku, na bakuli la plastiki lililochongwa kama mwamba.

Seti ile siipi hata nyota moja. Tangi la kioo ndilo baya kupita yote. Kobe haelewi kioo. Anaona sebule iliyo mbele yake, anataka kwenda, basi anakwaruza ukuta tangu asubuhi mpaka jioni. Hewa humo ndani haizunguki, na kwa kuwa nafasi ni finyu, joto la taa linaenea tangi zima. Kobe anahitaji upande wa moto na upande wa baridi ili achague mwenyewe, maana mwili wake hauzalishi joto kama wetu. Ukimnyima uchaguzi huo, umemnyima njia yake ya kuishi.

Kwa hiyo nikanunua meza ya kobe, yaani sanduku la mbao lisilo na kifuniko, sentimita 122 kwa 61, lenye kijumba kidogo cha kulalia pembeni. Ilinigharimu kama pauni 130. Naipa nyota tatu kati ya tano. Mbao ni nzuri, kuta hazionekani upande wa pili kwa hiyo Kidawa alitulia mara moja, na hewa inapita. Kasoro yake ni kwamba tangazo lilisema mbao haziingizi maji, kumbe ni vanishi nyepesi tu, na udongo wenye unyevu ungeiozesha sakafu mapema. Nilitandika plastiki nene ya mabwawa ya samaki mpaka nusu ya kuta ndipo nikamwaga udongo. Ukubwa huo unamtosha kobe mdogo au wa makamo kwa miezi ya baridi tu. Kiangazi lazima atoke nje kwenye majani. Zile meza ndogo zenye umbo la kupendeza, zinazouzwa kwa picha za vitoto vya kobe, msizinunue.

Sasa taa, na hapa nitakaa kidogo.

Kwetu Unguja hakuna anayewaza taa ya kobe. Wale majitu wa Aldabra walioko kisiwa cha Changuu, ambao ukoo wao ulianza kwa kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wanapata jua la bure mwaka mzima. Leicester mwezi Desemba, jua lenyewe likionekana ni la kuangalia tu. Ngozi ya kobe inahitaji miale ya UVB ili itengeneze vitamini D3. Bila D3 mwili hauwezi kuichukua kalsiamu iliyomo kwenye chakula, hata umpe tele, na ikikosekana mwili unaila mifupa na gamba lenyewe. Gamba linalainika, miguu inapinda. Na kumweka dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo cha kawaida kinazuia sehemu kubwa ya UVB.

Globu ya kujikunja iliyokuja na seti ilikuwa imefungwa ubavuni mwa tangi, inammulika machoni. Jua halitoki ubavuni. Kobe ana ukingo juu ya jicho na kope za kumkinga na mwanga unaotoka juu, si unaotoka mbele ya pua. Isitoshe, miale ya globu zile inafifia haraka ukisogea mbali kidogo, kwa hiyo kobe anapata doa moja dogo la UVB, na meza iliyobaki haina kitu.

Nikaweka tyubu ya UVB ya Arcadia ProT5, ile iliyoandikwa asilimia 12, wati 39, ile yenye bati la kuakisi mwanga mgongoni. Kama pauni 70 pamoja na kishikio chake. Nyota tano, na ningekuwa na ya sita ningetoa. Nimeitundika juu ya meza, kama sentimita 35 kutoka mgongo wa kobe, ikianzia upande wa taa ya joto na kuishia theluthi mbili ya meza, ili upande wa pili ubaki na kivuli. Jambo la kukumbuka ni kwamba tyubu inaendelea kuwaka vizuri machoni petu wakati UVB yake imekwisha kupungua. Watengenezaji wanashauri ibadilishwe kila mwaka. Andikeni tarehe ya kuifunga kwa kalamu ya wino mzito pale mwishoni kwenye chuma.

Joto linatoka kwenye taa ya halojeni ya wati 80, bei kama pauni 10, juu ya kigae bapa cha jiwe. Chini yake, usawa wa gamba, nataka nyuzi 35. Upande wa kivuli 20 hadi 22. Napima kwa kile kipimajoto cha bunduki tulichokizoea mlangoni enzi za korona. Hakikisheni tu ni kile cha kupimia vitu, si cha paji la uso, maana cha homa kimetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu tu. Kipimajoto cha duara cha kubandika ukutani kinapima ukuta tu, kobe hakimhusu. Kishikio cha globu kiwe cha kauri, cha plastiki kitayeyuka, na taa ining'inie kwa mnyororo. Kibanio peke yake kisiaminiwe kamwe: kikiteleza, taa inaangukia kwenye vitu vikavu na nyumba inaungua.

Muuza duka alinisukumia taa ya zebaki, inayotoa joto na UVB kwa pamoja. Si mbaya, lakini haifungwi kwenye kidhibiti joto, kile kinachopunguza mwanga wa taa joto likizidi, na ikizimika inataka ipoe kwanza ndipo iwake tena. Mimi nimeona halojeni na tyubu, kila moja na kazi yake, ni salama zaidi na rahisi kurekebisha. Taa nyekundu ya usiku niliitoa siku ile ile. Usiku kobe anataka giza, na nyumba ya kawaida isiyoshuka chini ya nyuzi 15 haimsumbui Hermann mzima mwenye afya. Soketi ya taima inawasha asubuhi na kuzima taa zikiwa zimewaka kwa muda wa saa 12, nami sihusiki.

Udongo ndio uliogeuza maisha ya Kidawa. Maranda ni makavu, hayashiki shimo, na kobe anayameza akila. Niliyatupa, nikachanganya udongo wa bustani usiotiwa mbolea na mchanga wa kuchezea watoto, sehemu tatu kwa mbili, kina cha sentimita 15. Nikaongeza makumbi yaliyosagwa, yale matofali yanayouzwa kwa bei ya maajabu kwenye maduka ya wanyama huku, kwetu yanarundikana nyuma ya nyumba. Makumbi peke yake yanakuwa vumbi na kugandamana na chakula. Kwenye mchanganyiko yanashika maji vizuri. Namwaga maji pembeni ili chini kubaki na unyevu na juu pakauke. Ukimwagia juu kila siku, kobe analala kwenye tope na gamba la tumbo linapata maradhi.

Unyevu huu una sababu kubwa. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna, Wiesner na Iben, walichapisha matokeo ya kulea vitoto vya kobe wa sulcata, wale wakubwa wa Afrika, katika unyevu tofauti na protini tofauti: hewa kavu ndiyo iliyoinua vinundu vya gamba, protini ikawa na mchango mdogo. Kidawa alikuja na vinundu, kila kigae cha gamba kimeinuka kama kilima, na vile havitarudi chini. Lakini tazama baina ya kigae na kigae: mstari mpya wa rangi ya mahindi mabichi umekua, na ukipitisha kidole unahisi uko bapa, laini, kisha ghafla unagonga ukingo wa gamba la zamani. Mstari ule ndio ushahidi wangu wa udongo, kuliko maelezo yote yaliyoandikwa kwenye mifuko ya dukani. Na jioni anachimba. Anaanza na mguu wa kushoto, anasukuma kwa bega, mpaka kinabaki kipande cha mgongo chenye mchanga juu yake.

Bakuli la mwamba bandia lina kingo za juu, kobe akiinamia anaweza kupinduka. Kisahani cha udongo cha kuwekea vyungu vya maua kinashinda, na bei yake haifiki pauni 3. Pamoja na hayo namwogesha kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni mara kadhaa kwa wiki. Angalieni uji mweupe anaoutoa pamoja na mkojo: ukiwa laini, yuko sawa, ukiwa na chembe kama mchanga, hanywi vya kutosha. Chakula sina ya kuongeza zaidi ya kusema majani machungu ya njiani, jamaa wa mchunga wetu, yanashinda letusi ya dukani, na mfupa wa ngisi wa kuguguna ni rahisi na bora. Matunda asipewe.

Watu wa nyumbani wameniuliza kama wanaweza kuniletea kobe-chapati, yule bapa wa miamba ya Kenya na Tanzania. Jibu ni hapana, na tafadhali msimfanyie mtu yeyote. Kobe yule yupo Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2019, biashara ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku, na amepungua hasa kwa sababu ya kuuzwa kama mnyama wa nyumbani. Hata Hermann, kumuuza au kumnunua hapa Uingereza bila cheti chake ni kosa. Muuzaji akisema karatasi zitafuata baadaye, ondokeni.

Umeme mtauliza. Halojeni na tyubu kwa saa 12 zinakula karibu yuniti moja na nusu kwa siku, na kwa bei ya peni 25 hivi kwa yuniti inakuwa kama pauni 11 kwa mwezi. Kidhibiti joto kinapunguza kidogo, na kuanzia Mei, siku za jua, Kidawa anashinda bustanini na taa zinapumzika.