Miezi miwili na sabuni ya mwani ya akina mama wa Unguja

Maji ya kisima chetu hapa Mbagala yana chumvi. Ukipikia chai utaijua, ukifulia utaijua zaidi. Sabuni nyingi za dukani huyashindwa: unasugua weee, povu halitoki, unaishia kupata utando wa kijivu uliogandia ukingoni mwa beseni. Kwa hiyo sabuni yoyote mpya ikiingia nyumbani kwangu, naijaribu kwanza kwa ndoo ya kisima kabla ya maji ya bomba. Jiwe la kwanza la mwani nililifungua jioni moja, nikalilowesha, nikalizungusha mara tatu mkononi. Povu likajaa hadi kwenye vifundo vya mikono. Nikamwita mwanangu aje aone.

Natengeneza sabuni mwenyewe, mwaka wa sita huu, tangu nilipohudhuria mafunzo mafupi ya SIDO, lile shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Nauza kwa majirani na kwenye vikundi vyetu vya kuchangiana. Kwa hiyo sabuni ya mwenzangu naitazama kama fundi cherehani anavyotazama mshono: naigeuza nyuma nione ndani. Hizi nilizipata Unguja, nilipokwenda kwenye harusi ya mpwa wangu, katika kikundi kidogo cha akina mama wa kusini mashariki, ng'ambo ya Paje. Jina lao silitaji kwa sasa. Kuna mambo mawili niliyowaambia wayarekebishe kwenye lebo, wameniomba muda, na muda huo nimewapa.

Duka lao ni chumba kimoja cha mbele. Nyuma kuna banda la bati lenye rafu za mbao kuanzia chini hadi juu, na sabuni zimepangwa zikiwa zimeachana nafasi ya kidole ili upepo upite. Aliyenipokea alikuwa bibi wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Shika utakazo, lakini hizo za rafu ya chini ziwache. Bado changa."

Kila rafu ilikuwa imeandikwa tarehe kwa chaki. Zile za chini zilikuwa na siku kumi na mbili. Nikamwambia nasafiri kesho kutwa, nitazinunua hivyo hivyo, nitazikausha mwenyewe nyumbani, najua kazi hii. Hakukubali. Akasema kama ni fundi basi najua kwa nini hauzi. Mimi nilikuwa na pesa mkononi, na saa ile duka halikuwa na mteja mwingine. Hapo ndipo nilipoanza kuwaamini watu hawa, kabla sijanusa hata kipande kimoja.

Niwaeleze wasioijua kazi hii. Sabuni ni mafuta yaliyokutana na kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye maji. Kilo moja ya mafuta ya nazi hula gramu 183 hivi za kostiki. Ya alizeti hula 135 hivi. Ya nyonyo hula kidogo zaidi ya 125. Kila mafuta yana kipimo chake, na hakuna kukisia kwa kikombe. Ukizidisha, sabuni itaunguza ngozi. Fundi mwenye akili hupunguza kostiki kidogo makusudi ili yabaki mafuta yasiyoliwa, ndiyo yanayolainisha. Ukikoroga, uji unaanza kushika: ukinyanyua mwiko, matone yanabaki juu yake kama uji wa ulezi unaokaribia kuiva. Unamimina kwenye kalibu, unafunika, kesho yake unakata. Mtu asiyejua ataona kazi imekwisha. Kweli kostiki nyingi imeshaliwa ndani ya siku moja au mbili, lakini maji bado yamo, na sabuni yenye maji ni laini, inayeyuka upesi na haijatulia mwilini. Wiki nne hadi sita za rafuni ndizo zinazoikaza. Wiki hizo hazionekani kwenye sabuni iliyofungwa vizuri, kwa hiyo wengi wanaouza huku kwetu wanaziruka. Mteja anagundua akiwa bafuni, pesa imeshakwenda.

Nilifanya jaribio letu la ulimi kwa kila aina niliyonunua: unalowesha kidole, unasugua sabuni, unagusa ncha ya ulimi. Ikiwa kostiki imebaki, inachoma kama betri ya tochi. Hakuna hata moja iliyochoma. Ladha ilikuwa ya sabuni tu.

Povu kwenye maji ya chumvi si muujiza, ni nazi. Sabuni ya mafuta ya nazi hukubali maji ya chumvi kuliko ya mafuta karibu yote mengine, na zamani mabaharia walitengenezewa sabuni ya nazi ili waogee maji ya bahari. Ila nazi ikiwa peke yake hukausha ngozi. Hawa wameichanganya na alizeti, na nyonyo kidogo ya kulishika povu lisipotee haraka. Bibi alinitajia mafuta yote matatu bila kuficha. Vipimo hakunitajia, nami sikumuuliza. Huo ni mfuko wake.

Sasa mwani wenyewe. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wakulima wengi wamekuwa wanawake. Bibi huyu alianza akiwa bado msichana. Wakati wa bamvua maji yakitoka mbali, wanashuka na kamba, wanafunga vipande vya mwani, wanazikaza kamba kwenye vigingi, wanarudi baada ya wiki kadhaa kuvuna. Ule mwani mnene, wenye bei nzuri, umekuwa ukifa kwa sababu maji ya pwani yamezidi joto. Uliobaki kwa wingi ni mwembamba, ambao bei yake ni ya chini. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba gunia la mwani mkavu alilolipigia mgongo mwezi mzima, mnunuzi analipima kwa dakika mbili na kuondoka nalo. Kikundi chao kilizaliwa kwenye hasira hiyo. Sasa sehemu ya mwani hawaiuzi, wanaitia kwenye sabuni.

Wanautia kwa njia mbili, na hapa ndipo nilipojifunza kitu. Sehemu moja wanaikausha, wanaisaga na kuichekecha mara mbili, inakuwa unga wa kusugulia. Sehemu nyingine wanailoweka, wanaichemsha mpaka itoe ute mzito, wanauacha upoe kabisa, ndipo wanautumia mahali pa sehemu ya maji. Ute ule ndio unaoifanya sabuni iteleze kama hariri ikipita mwilini. Mimi miaka yote natia unga tu. Nimeshajaribu ute nyumbani mara mbili, na sirudi nyuma.

Nilinunua aina nne, vipande sita kwa jumla, shilingi 5,000 kila kimoja.

Ya mchaichai ni nzuri, harufu yake safi, watoto waliipenda. Haina cha kubishaniwa.

Ya karafuu nataka kuizungumza kwa urefu. Mafuta ya karafuu ni adui wa fundi asiye na subira. Ukiyatia tu, uji unakimbia: unaweza kukugandia sufuriani hujafika kwenye kalibu. Mwaka wangu wa pili nilipoteza kilo tatu hivyo, nikakaa kuichonga sufuria kwa kijiko usiku kucha. Kwa hiyo nilipoona sabuni ya karafuu yenye uso laini, bila mabonge wala mashimo, nilijua kuna mkono hapo. Bibi akanionyesha: mafuta ya karafuu wanayachanganya kwanza na sehemu ya alizeti waliyoiweka kando, wanayatia mwisho kabisa uji ukiwa umepoa na bado mwepesi, na kuanzia hapo brenda inawekwa chini, wanakoroga kwa mwiko. Watu wawili wanasimama tayari kumimina. Rangi ya kahawia inajitokeza yenyewe, hawatii kitu. Kwa ufundi, hii ndiyo sabuni ngumu kuliko zote nne, na wameiweza.

Lakini kuoga nayo kila siku sikuweza. Siku ya tatu mikono ilianza kuniwasha upande wa ndani wa kiwiko, siku ya tano nikaiacha, na baada ya siku mbili hali ikatulia. Karafuu ni kali, na kuna ngozi zinazoikataa. Kiasi walichotia ni kikubwa mno kwa sabuni ya mwili. Sasa naitumia jikoni kuondoa harufu ya samaki mikononi, na kwa kazi hiyo sijaona mfano wake. Usoni msiipeleke, na watoto wachanga msiwaogeshe nayo.

Ya tatu wanaiita ya singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili. Nilivutiwa na wazo: liwa, asumini, mawaridi, manjano, vitu vile vile anavyosingwa bwana harusi na bibi harusi, viingie kwenye jiwe moja la sabuni. Kwa macho ilikuwa nzuri kuliko zote siku niliyoinunua. Kwa bahati mbaya kostiki haina adabu kwa maua. Vile vipande vya asumini walivyovinyunyiza juu vimegeuka kahawia kama majani ya chai, na vinaziba tundu la bafu. Njano ya manjano imepauka upande ulioelekea dirishani. Harufu ya maua ilikwisha wiki ya tatu, ikabaki ya liwa kwa mbali. Harufu ya asumini inapita, mwenye kupika singo anajua. Inatumika ikiwa mbichi, usiku ule ule. Kama ningekuwa mmoja wao, maua ningeyaacha kwenye sinia la bibi harusi, sabuni hii ningeifanya ya liwa peke yake.

Ya nne haina jina. Ni mwani mtupu, haina harufu iliyotiwa, rangi yake kama mchanga uliolowa, na juu ina unga mweupe mwepesi ambao mteja anaweza kuudhania ukungu. Si ukungu, ni kostiki iliyokutana na hewa wakati sabuni inaganda, inaoshwa na maji ya kwanza. Kwenye rafu ilikuwa imesogezwa pembeni, nikaona watalii wawili wanaipita wakichukua zile za maua. Ndiyo iliyonikaa. Haibani ngozi baada ya kuoga, hata nisipopaka mafuta hapo hapo. Mwanangu ana ngozi kavu kwenye magoti, huwa yanapauka kama jivu kipindi cha upepo. Baada ya wiki mbili yalikuwa yamelainika. Sisemi imemtibu, nasema haikumkausha, na hilo sabuni chache sana zimeweza kwake.

Hapo ndipo ninapofika kwenye malalamiko yangu mawili. Lebo inasema sabuni inatibu ukurutu na chunusi. Niliwapigia simu, akapokea binti anayewaandikia hesabu. Nikamwambia: mdogo wangu, sabuni inaosha. Mwenye ukurutu akiacha dawa ya hospitali kwa sababu ya karatasi yenu, mtajibu nini? Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, kweli. Tuliambiwa bila hivyo haitanunuliwa." Itanunuliwa. Mimi nimeinunua.

La pili ni uzito. Karatasi imeandikwa gramu 100, mizani yangu ikasoma 91. Sidhani kuna wizi. Wameipima siku ya kuikata, na maji yaliyotoka rafuni ndiyo hizo tisa zilizopungua. Ni alama kwamba wameikausha kweli. Lakini mnunuzi hanunui maji yaliyokwisha kuruka, basi waandike uzito wa siku inapofungwa.

Kuhusu bei, 5,000 ni nyingi ukilinganisha na kipande cha kiwandani. Kipande kimoja kilitutosha watu wawili siku ishirini na nne, kikiwa kwenye kisahani chenye matundu, mbali na maji yanayoruka. Kingine nilikisahau kwenye beseni lenye unyevu, hakikumaliza wiki mbili. Sabuni ya nazi ni ngumu kwa mkono lakini inayeyuka upesi ikiachwa majini. Tena hii imebaki na gliserini yake yote, ambayo viwanda vingi huitoa, na gliserini inavuta unyevu wa hewa; kwa hali ya hewa ya kwetu utaiona inatoka jasho kama chupa ya soda. Ifute, iweke penye upepo. Msiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki.

Wiki iliyopita nimepiga tena, nikaagiza ishirini za mwani mtupu, mpwa wangu aje nazo kwa boti. Safari hii simu alipewa bibi mwenyewe. Akaniuliza habari za watoto, akaniuliza magoti ya kijana yanaendeleaje, halafu akaenda kutazama chaki.

"Zina siku kumi na saba, mwanangu."

Nikamwambia nitangoja.