Nusu siku na mwongozaji wa watazama ndege, Hifadhi ya Hell's Gate, Kenya

Nililipa shilingi 2,500 kwa matembezi ya nusu siku. Kijana mwongozaji tulipatana tuonane saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akafika langoni saa mbili! Darubini aliyoniazima ilikuwa na ukungu kioo cha kushoto. Safari ijayo nitabeba yangu.

Lakini kwa maarifa sina deni naye. Tulimwona kozi (ndege mwindaji, peregrine falcon) mmoja tu, juu ya genge karibu na ule mwamba mrefu uitwao Mnara wa Fischer. "Huyu ni mwenyeji, Mwalimu," akasema, "mdogo, mweusi-mweusi. Wageni hutoka huko Aktiki, kwenye Ncha ya Kaskazini, wakubwa na shavu jeupe zaidi." Kisha akanisimulia utafiti wa 2021: kozi 56 wa Aktiki walivishwa vifaa vya setilaiti, na jenomu (vinasaba vyote) za ndege 35 zikasomwa. Wanaohama mbali zaidi na wale wanaoishia karibu walitofautiana kwenye jeni iitwayo ADCY8, inayohusishwa na kumbukumbu ya muda mrefu. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini, hilo sikulijua.

Kuchelewa nimemsamehe. Ile darubini, bado. Ukienda, nenda Desemba au Januari, kozi wageni wakiwapo.