Kikatio cha gurudumu kwa mabaki ya vitambaa: tathmini baada ya mwaka mmoja

Kwa miaka mingi nilikata mabaki ya vitambaa kwa mkasi, na kwa miaka hiyo yote vifuko nilivyoshona vilitoka vimepinda upande mmoja, nami nikaamini kwamba sijui kushona mstari ulionyooka. Baada ya mwaka mzima wa kutumia kikatio cha gurudumu, yaani kisu chenye wembe wa mviringo unaobiringishwa juu ya kitambaa, nimetambua kuwa kasoro ilianzia kwenye ukataji. Ukiunga vipande 8 katika mstari mmoja, na kila kimoja kikawa kimezidi kwa milimita 2, mstari mzima utazidi kwa milimita 16, na tofauti hiyo haifichiki kwa pasi wala kwa kuvuta kitambaa.

Kifaa cha aina hii kililetwa sokoni na kampuni ya Kijapani ya OLFA mwaka 1979. Changu ni cha kampuni nyingine, nacho kiliuzwa pamoja na mkeka wa plastiki wa kukatia na rula. Wembe wake una kipenyo cha milimita 45. Kwa miraba na kwa upapi (utepe wa kumalizia kingo) unaokatwa mshazari, sijapata kifaa kinachokishinda, kwa sababu kitambaa hulala bapa wakati wote, ilhali mkasi hukiinua kila unapofungwa. Miraba minne ya sentimita 11.2, ikiungwa kwa mshono wa milimita 6, hutoa uso wa kishikio cha sufuria ambao, ukishamaliza kingo zake, una sentimita 20 kila upande, na pembe zake hukutana katikati bila kupishana. Hata vipande vilivyokuwa vyembamba kiasi cha kutupwa sasa navinyoosha na kuvitunza kwa ajili ya mito ya pini.

Kwenye maumbo yaliyopinda, hata hivyo, wembe huu ni mkubwa mno. Nilipojaribu kukata maua na majani ya kubandika juu ya mifuko, ulipitiliza kila kona, ndipo nikaelewa kwa nini kuna vikatio vya milimita 28. Anayependa maumbo ya duara aanze na hicho kidogo.

Wembe unahitaji uangalizi. Ukiona nyuzi zisizokatika zinajirudia kila baada ya sentimita 14 hivi, ujue wembe umepata pengo, kwa kuwa huo ndio urefu wa mzunguko wake mmoja. Kwangu pengo lilitokana na pini niliyosahau kuiondoa. Karatasi nayo huufanya butu, kwa hiyo sikati tena ruwaza kwa wembe ninaokatia vitambaa. Kifuniko chake hufungwa kwa kidole gumba, nami hukifunga kila ninapokiweka chini, hata kwa sekunde chache, maana wembe huo hukata ngozi kwa wepesi uleule.

Sehemu dhaifu ya seti hii ni rula. Ni nyembamba, haina mstari wa pembe ya nyuzi 45 ambao ni wa lazima kwa upapi, na utelezaji wake juu ya satini umeniharibia vipande kadhaa nilivyokuwa nimevitunza kwa muda mrefu. Nimebandika vipande vidogo vya msasa chini yake, na sasa inatulia. Mkeka ni mzuri, kwani alama za wembe hujifumba zenyewe, lakini haustahimili joto: niliwahi kupiga pasi juu yake mara moja tu, na kona ile imebaki imejikunja hadi leo.

Nikiulizwa, nitashauri kununua kikatio na mkeka peke yake, kisha kutafuta rula pana na nzito yenye alama za milimita na mstari wa mshazari.